Pua ya Mshenga

Pale Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya kumi na mbili, tulikuwa na mshenga aliyeweza kukaa mbele ya baba mkwe mkorofi tangu adhuhuri hadi alasiri bila kuonyesha hata chembe ya anachofikiri. Jina analo, na wanaomjua wanalijua, lakini sisi tulimwita Mshenga tu, na mwenyewe alikwisha kulizoea hilo kiasi kwamba ukimpigia simu anaitika, "Mshenga hapa, sema." Mungu amrehemu. Tangu alipofariki nimesikia watu wakimsimulia utadhani malaika, na hilo ndilo lililonitia hasira nikakaa kuandika. Hakuwa malaika. Alikuwa muongo wa kiwango cha juu, mbishi, mchoyo wa kashata, na nilimpenda kuliko wajomba zangu wote.

Mimi nauza nyaya na balbu, na duka langu linatazamana na baraza yake. Yeye ndiye aliyeniposea mke wangu. Baada ya hapo akanifanya mwenzake wa safari, kwa kuwa mshenga haendi kuposa peke yake kama mdai. Tukawa tunapanda baiskeli zetu, yeye mbele na kanzu yake kaipandisha na kuibana kwa kibanio cha nguo, mimi nyuma nimebeba mfuko wa halua, tukienda kuwaombea watu wake za watu. Samahani, mabinti wa watu. Yeye mwenyewe alikuwa akipenda kuniudhi kwa kosa hilo.

Uongo wake ulikuwa wa kazini. Kijana mvivu, akimsifu, alikuwa "mtulivu." Aliyefukuzwa kazi alikuwa "ana nafasi ya kumsikiliza mke." Mgomvi "ana msimamo." Kulikuwa na mmoja aliyekula mno, sahani zote za ukweni zikawa zinarudi jikoni zimepanguswa, na Mshenga akamwambia mama wa binti kwa upole, "Huyu, mama, hatakuvunja moyo jikoni." Lakini mtu huyu huyu akifika sokoni hawezi kunyamaza. Atasimama mbele ya meza ya samaki, akohoe, aseme kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Huyu kalala jana, na juzi pia kalala." Wauza samaki walikuwa wakimwona kwa mbali wanafunika meza zao.

Jambo jingine: hakuhudhuria harusi alizozifunga. Hata moja. Siku ya biriani, watu wamevaa, ngoma inalia, yeye yuko ufukweni Raskazone anakula mihogo ya kukaanga na pweza. Nilipomuuliza alisema, "Kazi yangu inaishia mlangoni. Huko ndani wataanza kugombana, na mie sitaki kuwa karibu." Na mtu huyu aliyewakutanisha nusu ya mji, nyumbani kwake kwenyewe hakuwa na la kusema. Alizungumza na redio. Akisikiliza taarifa ya habari alikuwa akimjibu msomaji neno kwa neno: "Muongo weye! Nani kakwambia?" Mkewe alikuwa akipita na sinia lake la mchele, anatikisa kichwa. Walikuwa wameoana zamani sana, na sijui kama siku yoyote alimwambia yule mama kitu kilichomo moyoni mwake. Uso ule wa posani alikuwa anarudi nao nyumbani kama mtu aliyesahau kuvua viatu.

Na uso wenyewe ulikuwa uso kweli. Kuna siku kule Pongwe tulitandikiwa mkeka nje, juu ya njia ya siafu, hatujui. Mimi niliruka mapema, nikasingizia kwenda kunawa. Nikiwa kwenye kona nikamwona yeye amekaa vile vile, mkono juu ya goti, anaeleza fadhila za kijana wetu, na siafu wanapanda kanzu kwa mpangilio. Alisubiri mpaka mzee akasema, "Tumekubali." Akashukuru. Akaomba ruhusa. Akatembea taratibu mpaka nyuma ya choo, na huko ndiko nilikomkuta amevua kanzu, anapiga makelele na kurukaruka, anamtukana kila siafu kivyake. Mbu wa kwetu mnawajua. Nimemwona mbu akinywa damu kwenye shavu la Mshenga mpaka akatosheka akaondoka zake.

Sasa sharti nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa balaa lililotupata. Mbele ya wakwe hamwezi kunong'onezana. Ukimnong'oneza mwenzako mbele ya baba wa binti umeshamtukana. Kwa hiyo Mshenga alikuwa na ishara zake. Akishika ncha ya sikio, maana yake tuage, hapa hapana heri. Akivua kofia na kuivaa tena, nimpe mzee wa watu maneno matamu wakati yeye anafikiri. Na akikuna pua, maana yake tumekubali yote waliyoyataka, nami niinue mikono upesi na kusema, "Basi tusome Fatiha." Upesi ndiyo siri yenyewe, kwa kuwa Fatiha ikishasomwa hapana tena wa kurudi nyuma. Miaka yote niliyokwenda naye, pua ile haikuguswa bila sababu.

Maradhi yalimwanzia kwenye tezi dume, kama wazee wengi, yakahamia kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa akiendesha baiskeli nayo, kimya, mpaka siku aliposhuka na kushindwa kunyooka. Hospitali wakampa mofini ya maji, chupa na kipimo chake, na akapewa nesi wa tiba shufaa, wale ambao kazi yao ni kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi. Nesi huyo alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwanamke wa sauti kubwa aliyekuwa akiingia uani na salamu yake: "Shikamoo babu! Leo unaumwa kiasi gani?" Na Mshenga akajibu, "Marahaba. Alhamdulillahi, sijambo." Kila mara hivyo hivyo. Nesi alikuwa akimtazama anavyoshika ukingo wa kitanda, halafu anaandika jibu lake mwenyewe.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya siku chache alilala usingizi wa mtu mzima, akaamka akaniita dukani. "Kuna posa Usagara. Kavae." Mkewe alinitazama kwa jicho la kuniomba nikatae. Nikavaa. Baiskeli hakuiweza tena, tukaita bajaji.

Kijana wetu alikuwa wa Nguvumali, na mama yake alikuwa ametuagiza kwa ukali: mkubali lolote watakalotaka, lakini mwanangu kukaa ukweni, hapana. Kumbe baba wa binti, fundi magari mstaafu mwenye mabega kama kabati, alikuwa na sharti moja tu, na ni hilo hilo. Binti ni wa pekee, mama yake miguu haimbebi, kwa hiyo bwana harusi ahamie Usagara mwaka mzima. Hapo Mshenga akaanza kazi, na nawaambieni sijawahi kumwona akiwa hodari namna ile. Aliusifu mwaka, akausikitikia, akaukata nusu. Akauliza afya ya mama wa binti kwa huruma ya kweli, na mwaka ukawa miezi michache. Fundi alikuwa anatikisa kichwa kukubali huku hajui anakubali nini. Mimi nimeshaanza kuisikia harufu ya pilau.

Mara mkono wa Mshenga ukapanda, taratibu, ukakuna pua.

Nilishangaa. Lakini mimi ni mtu wa kufuata ishara, na miaka yote ile sijawahi kuubishia mkono ule. Nikainua mikono nikasema, "Alhamdulillahi! Sharti la mzee limekubaliwa lote kama alivyolitaja, mwaka mzima. Basi tusome Fatiha." Fundi akainua mikono yake mikubwa, wazee wote wakainua, na nyuma ya pazia wanawake wakaanza kujiandaa kwa vigelegele. Mshenga alinitazama kwa macho ambayo bado nayaona. Lakini nani atakatiza Fatiha? Akasoma. Na tulipofika kwenye Amin, sote tukapaka mikono usoni, yeye alipaka muda mrefu kuliko wote, pua, paji la uso, mashavu, shingo, anajikuna waziwazi na watu wanadhani ni unyenyekevu. Mungu atatusamehe.

Ndani ya bajaji alisubiri tutoke kwenye kona. "Weye! Nani kakwambia usome Fatiha?"

"Si umekuna pua, mzee?"

"Ilikuwa inaniwasha!"

"Miaka yote hii haijakuwasha, ikuwashe leo?"

Dereva wa bajaji alilazimika kusimama pembeni acheke kwanza. Na ninasema tena hapa, kwa wale wanaoendelea kunisema mitaani: kosa halikuwa langu. Ishara ni ishara.

Nguvumali kulichafuka. Mama wa kijana alisema wakwe wametia upupu kwenye mto ambao Mshenga aliegemea. Mimi niliegemea mto huo huo wala sikuwashwa, lakini nani amuulize muuza balbu. Jirani mmoja akasema ni jini la pwani, linataka ubani. Mke wa Mshenga, ambaye alikuwa mtu wa akili, akasema ni kibua: mzee alikuwa amekula kibua aliyekaa juani, na kila mtu wa Tanga anajua kibua wa namna hiyo anavyokuumua mwili mzima. Akampiga marufuku samaki. Basi Mshenga akawa anakula maharage, asubuhi maharage, jioni maharage, na bado anajikuna, pua, mgongo, nyayo, ananung'unika kwamba sasa ameadhibiwa mara mbili. Kijana wa duka la dawa ndiye aliyetutisha zaidi. Alisema ni aleji, aache mofini mara moja.

Nesi alipofika akakuta baraza zima tumekaa kama mahakama. Alimkagua Mshenga ngozi, mdomo, akamsikiliza pumzi. Hakuna vipele, hakuna uvimbe, anahema vizuri.

"Si aleji," akasema. "Na mama hayuko mbali sana na ukweli. Samaki aliyeharibika anakuletea kemikali fulani mwilini, ndiyo inayowasha. Mofini nayo inaweza kuifungulia kidogo kemikali hiyo hiyo kwenye ngozi. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Kubwa liko huku." Akamgusa uti wa mgongo. "Maumivu na muwasho vyote vinapitia huku kwenda kwenye ubongo. Maumivu yakiwa makali, yanauzima muwasho. Ndiyo maana ukiumwa na mbu unajikuna mpaka ujiumize. Unayaita maumivu yaje yaufukuze muwasho. Sasa dawa imeyanyamazisha maumivu, muwasho umepata nafasi. Na dawa yenyewe inazigusa neva za muwasho ikaziamsha."

"Na kwa nini pua?" akauliza Mshenga, kwa uchungu wa mtu aliyeharibiwa kazi.

"Wengi huwashwa usoni na puani. Kwa nini hasa hapo, babu, hata wakubwa zangu bado wanatafuta."

Mshenga alifikiri sana. Halafu uso wake ukafunguka. "Kumbe ni baba mkwe na mama mkwe! Baba anapayuka, mama kanyamaza. Baba akitoka kwenda kuswali, ndio unamsikia mama alichokuwa nacho siku zote."

Nesi alicheka mpaka akashika mlango. Akasema atapunguza kipimo kidogo, kisha wakipandishe polepole, na kwamba kwa watu wengi muwasho hutulia baada ya siku kadhaa. Usipotulia, iko dawa nyingine ya ukoo huo huo wanaweza kubadilishia. Vidonge vya aleji angempa ajaribu, ila asitarajie makubwa. Lakini kuacha, hapana. Mshenga akaitikia kwa heshima zote, na mimi nikarudi dukani moyo mweupe. Nilisahau nilikuwa nashughulika na nani.

Mkewe ndiye aliyegundua. Alikuja dukani baada ya siku chache, akajifanya anatazama swichi.

"Mzee wako hanywi dawa," akasema. "Anaimwaga kwenye mrehani wangu. Nimemwona kwa macho haya, dirishani."

"Amekwambia anaumwa?"

"Yeye? Aniambie mie?" Akaiweka swichi chini. "Amekaa tangu asubuhi kama yuko posani. Kwake mwenyewe, mbele ya mkewe, kama yuko posani. Redio inasema uongo tangu taarifa ya saa moja na yeye hajaijibu."

Hapo niliogopa. Mtu ambaye mifupa yake inaliwa anakaa ametulia namna ile, na hakuna anayeweza kumsaidia kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kujua. Nilimwambia nitakwenda kuzungumza naye. Mama yule akatikisa kichwa. "Ukienda kuzungumza atakuzungusha mpaka uombe radhi. Nenda kumposa."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilifunga duka.

Alasiri ile nilivaa kanzu na kofia, nikabeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma, chini yake chupa ya mofini, kipimo chake, na halua kidogo kwa adabu. Nikabisha hodi kwenye chumba chake kama naingia nyumba ya watu wazito. Mkewe alikuwa tayari nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mahali wanawake wanapokaa siku za posa. Mshenga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, wima, mikono juu ya magoti. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo. Akanitazama mimi, akalitazama sinia, na nikaona anaelewa. Mtu mwingine angenifukuza. Lakini yeye alikuwa Mshenga, na mgeni aliyekuja na sinia lililofunikwa hafukuzwi kabla hajasikilizwa.

"Karibu," akasema. "Mnatokea upande gani?"

"Upande wa jikoni, mzee wangu."

"Habari za huko?"

"Njema, ila hawalali. Wamenituma kwa ombi. Tuna mchumba wetu, tunaomba apokewe katika nyumba hii."

"Ana sifa gani huyo mchumba?"

"Mtulivu. Anafika mahali pasipofikika. Usiku hana makelele."

"Kasoro?"

"Hana kasoro. Ni mchangamfu kidogo."

Nilimwona anataka kucheka, na kicheko kikamchoma mgongoni, akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa tena katika mchezo. "Mwanangu," akasema, "maumivu hayaonekani. Kujikuna kunaonekana. Watu wanakuja kunitazama, wanakaa hapo ulipo. Nijikune mbele yao kama mbwa mwenye kupe? Mie? Acha niumie. Kuumia nakuweza."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote aliyonifundisha, na yote yakanitoka. Nilikasirika. Nikamwambia, "Unakuweza kwa faida ya nani, mzee?" Nikaona aibu, nikalitazama sinia.

Nyuma ya pazia mwanamke hasemi mpaka aulizwe. Hiyo ndiyo adabu ya posa, na yule mama alikuwa anaijua kuliko sisi wawili.

"Mie nakuona," akasema.

Mshenga hakugeuka. "Unaona nini?"

"Naona unavyoumwa. Umekaa hivyo tangu ulipoacha kugombana na redio, na mie jikoni naishi na uso wako huo. Miaka yote hii nimekula nao, nimelala nao. Umewasemea watu wote wa mji huu shida zao, bwana weye. Yako nisemewe na nani?"

Mtaani mtu alipita na kengele ya baiskeli. Nilitaka kutoka lakini niliona kutoka ni kubaya zaidi. Mshenga aliitazama mikono yake juu ya magoti, kisha akaiondoa akashika ukingo wa kitanda.

"Naumwa," akasema. Alilisema vibaya, kama neno la lugha ya watu. Kisha akalisema tena. "Naumwa sana, mke wangu. Mgongo wote."

Pazia likafunguliwa. Yule mama akaingia, akachukua chupa kwenye sinia bila kunitazama, akamimina mpaka kwenye alama ya nesi.

"Ngoja," akasema Mshenga, na kwa mara ya mwisho nikasikia sauti yake ya kazi. "Nina sharti. Mgongoni mkono wangu haufiki. Ikiniwasha huko, nani atanikuna?"

"Kwani mie nimekwenda wapi?" akasema mkewe. "Fungua mdomo."

Yule kijana wa Nguvumali, kwa taarifa yenu, yuko Usagara mpaka leo, amenenepa, na mama yake anakwenda kula huko kila Jumapili na kulalamika na mnofu mdomoni. Mshenga hakuposa tena. Aliishi miezi kadhaa baada ya siku ile, na nesi aliniambia ilikuwa miezi mizuri, kwa kuwa kila akiulizwa anaumwa kiasi gani alikuwa anajibu, tena kwa kirefu, mpaka wakati mwingine nesi anaomba aondoke.

Wiki ile ile ya posa yetu ya dawa nilipita asubuhi kumjulia hali. Redio ilikuwa inaongea peke yake na hakuna aliyekuwa akiibishia. Nikapiga hodi, sikujibiwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kabla sijajua kama niingie nikamsikia kutoka ndani, kwa sauti ambayo hakuna baba mkwe aliyewahi kuisikia.

"Juu. Juu kidogo. Siyo huko, shoto. Shoto yangu, siyo yako. Hapo. Hapo hapo, mke wangu. Usiondoke."